Ijumaa yadi mbili, Jumamosi tatu, Jumapili moja: kwanini gadi anaitiwa kosa akienda mbele

Swali lililonifikia, limetoka kwa mama mmoja: "Kaka habari za huko. Sisi tuko Ohio, kijana wangu ana miaka 16 anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni, ni gadi wa kushoto, jezi 64. Ijumaa timu yao ilipiga pasi wakafunga tachidauni, tukashangilia, alafu refa akatangaza namba 64 alienda mbele, tachidauni ikafutwa. Kijana hajaongea vizuri tangu siku hiyo, anasema tu alikuwa ameshikana na mtu na kocha wake wa zamani alimwambia hapo siyo kosa. Mjomba wake yuko Dallas anasema kule wanaruhusu yadi tatu, kocha anasema ni mbili, mi Jumapili kwenye tivii nikasikia yadi moja. Nani mkweli? Na mbona mara nyingi naona haohao wanaenda mbali kabisa na hakuna anayewaita? Video nimekutumia."

Dada yangu, wote watatu wanasema kweli. Kila mmoja anakusomea kitabu chake cha sheria, ndo maana mmechanganyikiwa. Kwa shule nyingi za sekondari Marekani, na Ohio mkiwemo, mpaka wa gadi na wazuiaji wenzake kwenda mbele kabla ya pasi kurushwa, kuhesabu kutoka pale mpira ulipolala, ni yadi mbili. Vyuo vikuu, wale wa Jumamosi, ni yadi tatu. NFL, ligi ya kulipwa unayoiona Jumapili kwenye tivii, ni yadi moja. Alafu Texas wana mambo yao, shule zao za sekondari zinacheza kwa sheria za vyuo, kwahiyo mjomba hajakudanganya, mtoto wa Dallas siku ya Ijumaa anapewa yadi tatu na mtoto wako wa Ohio Ijumaa hiyohiyo anapewa mbili.

Video nimeiangalia mara nyingi sana, nimeisimamisha nikaisogeza kidogo kidogo, na ntakwambia nilichoona, ila kwanza tuelewane hii sheria iko kwa ajili gani maana bila hivo itaonekana ni uonevu tu.

Kwenye mpira huu siyo kila mtu anaruhusiwa kupokea pasi. Wale watano wa katikati wanaosimama mbele ya kwotabeki (yule anayepewa mpira na kurusha pasi), yaani senta, magadi wawili na wale wakubwa wawili wa pembeni yao, kazi yao ni kuzuia, na namba zao ni 50 mpaka 79 ili kila mtu uwanjani awajue. Wanaoruhusiwa kupokea ni wale wawili wa mwisho kabisa kwenye lain, ule mstari wa mbele wa washambuliaji, kila upande mmoja, pamoja na waliosimama nyuma. Sasa jiweke kwenye nafasi ya lainibeka, yule mlinzi anayesimama hatua chache nyuma ya walinzi wa mbele. Ana nusu sekunde ya kuamua, wanakimbiza huu mpira au wanarusha? Haangalii mpira, mpira umefichwa, anaangalia wale watano. Wakija mbele kwa nguvu ni mbio, basi naye anakimbilia mbele kuziba. Wakirudi nyuma wakajipanga kama ukuta ni pasi, basi naye anarudi nyuma kulinda. Miguu ya mwanao ndiyo barua anayoisoma lainibeka. Sheria inasema hiyo barua isiwe ya uongo kupita kiasi, kama timu inataka kurusha pasi basi hao watano wasiende mbele sana kana kwamba ni mbio, kwasababu lainibeka na wenzake watavutwa mbele na nyuma yao itabaki wazi na hakuna binadamu anayeweza kulinda hapo kwa haki.

Hiyo "sana" ndo kila mtu kaipa kipimo chake. Mbili, tatu, moja.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata makocha wa watoto wadogo nimewasikia. Kosa halihesabiwi pale mpira unapopokelewa. Linahesabiwa pale mpira unapotoka mkononi mwa kwotabeki. We unajua kuotea kwenye mpira wetu wa miguu? Ni akili ileile. Mshambuliaji akionekana peke yake mbele ya kipa wakati anapokea, watu wanapiga kelele kaotea, kumbe swali ni alikuwa wapi wakati mwenzake anapiga ile pasi. Huku nako, mpira ukishatoka mkononi mwanao yuko huru kwenda mbele. Ndo jibu la swali lako la pili, wengi unaowaona mbali kabisa walienda baada ya mpira kuruka, na macho yako kama ya kila mtu jukwaani yalifuata mpira, ulipowarudia wao wameshatembea yadi tano.

Zipo sababu nyingine za kuwaona mbali bila kuitiwa kosa. Kama hakuna pasi ya mbele hakuna kosa kabisa, mwanao akitaka aende mpaka golini, ikiwa kwotabeki kaishia kukimbia na mpira au kaurusha nyuma kwa mwenzake basi yadi hazihesabiwi. Alafu shuleni na vyuoni kuna skrini pasi, ile fupi inayorushwa kwa mtu aliye nyuma ya mstari ambapo mpira ulilala kabla ya kuanza. Pasi hiyo haijavuka mstari, na kwa sheria ya shule na ya vyuo kama haijavuka mstari basi waliotangulia mbele hawana kosa. NFL hawana huo msamaha, kule ukirusha pasi halali ya mbele, imevuka haijavuka, gadi akiwa zaidi ya yadi moja kabla mpira haujaruka ni kosa, ndo maana Jumapili utawaona magadi kwenye skrini wanasubirisubiri kwanza, wanahesabu kabisa, ndo wanatoka.

Tuje kwenye video yako. Mpira ulilala kwenye yadi ya 12, yaani yadi 12 kufika mstari wa goli. Kwa bahati nzuri uwanja wenu una zile alama fupi za kila yadi moja, kwahiyo nimeweza kuhesabu. Mpira unaanza, kijana wako na senta wanamvamia kwa pamoja yule mlinzi mnene wa katikati, wanamsukuma, kazi nzuri kabisa, mabega chini miguu inakata, alafu kijana wako anamwachia senta yule mnene na yeye anapanda kwenda kumtafuta lainibeka. Hii ndo kazi aliyofundishwa kwenye mchezo wa mbio na ameifanya sawasawa. Nyuma yake kwotabeki ameweka mpira tumboni kwa mkimbiaji, bado ameushika, anamwangalia lainibeka. Lainibeka anaingia mbele. Kwotabeki anauchomoa. Anachukua hatua moja. Anachukua nyingine. Anarusha. Hapo nikasimamisha. Mpira umeachana na vidole vyake, na mguu wa mbele wa kijana wako uko katikati ya 9 na 10.

Yadi mbili na nusu, dada.

Umeona ilivyo? Hatua hiyohiyo, mguu uleule, ingekuwa Dallas ni halali na tachidauni inasimama. Ohio amezidi nusu yadi, chini ya nusu mita. NFL amezidi yadi moja na nusu na kitambaa cha mwamuzi cha kuonyesha kosa kinaruka bila mjadala. Kwahiyo ampaya wenu, yule mwamuzi anayewaangalia hao watano, hakumwonea, alichoita kipo. Ila na mimi nakwambia bila kuficha, nusu yadi ni kidogo, waamuzi wengi wenye uzoefu wakiwa na shaka ya kiasi hicho hawarushi, wanataka awe amezidi wazi. Nadhani kilichomponza ni kwamba alikuwa amemfikia lainibeka na kumgonga kabla pasi haijaruka, na yule lainibeka ndo mtu ambaye angekaa kwenye njia ya ile pasi. Ampaya akiona hatua imezidi na hapohapo imembeba mlinzi muhimu, hawezi kuiacha. Hata mimi ningerusha.

Najua kwasababu hiyo ndo nafasi ninayosimama mimi. Kwenye mechi za sekondari zenye waamuzi watano, ampaya anasimama nyuma ya walinzi wa mbele, karibu kabisa na malainibeka, katikati ya vumbi. Nikiwaona wale watano wanarudi nyuma najua ni pasi, nami napiga hatua kwenda mbele mpaka karibu na mstari. Hapo nina kipimo changu, mtu wa lain akinipita bega akaenda nyuma yangu kabla mpira haujapita juu ya kichwa changu, moyo unanidunda maana najua huyu yuko mbali. Shida ni mchezo kama huu wa kwenu, ambao wale watano wanakuja mbele na mimi nasoma mbio, alafu ghafla mpira unaruka. Natakiwa nione vitu viwili kwa wakati mmoja, vidole vya kwotabeki vinaachia lini na miguu ya gadi iko wapi, na vitu hivyo viwili viko mbali. Msaidizi wa kuotea pembeni ya uwanja wa mpira wa miguu anaijua hii shida vizuri sana.

Na kuna jambo lingine linaloumiza, huwezi kurusha kitambaa pale unapoona mguu umezidi. Unakiweka akilini, unasubiri. Miaka ya nyuma mimi nilimwona gadi yuko yadi nne mbele, nikatoa kitambaa mkandani nikarusha, kwotabeki hakurusha pasi, akakimbia mwenyewe akapata yadi zake. Kosa halikuwepo. Ikabidi niende kwa refa mbele ya wazazi wote kumwambia kitambaa hakina kitu, na mchezo ule wachezaji wawili wa ulinzi walikuwa wamekiona kitambaa wakapunguza kukimbia. Iliniuma wiki nzima. Tangu hapo mkono wangu unakaa mbali na mkanda mpaka niuone mpira hewani.

Kama ulishangaa kwenye tivii ampaya hayupo katikati ya walinzi, ni kweli, NFL walimhamisha mwaka 2010 wakampeleka nyuma ya washambuliaji kwasababu walikuwa wanaumia mno kwa kugongwa, kwahiyo kule wale waamuzi wa kwenye mstari pembeni wanabeba sehemu kubwa ya kuhesabu hii yadi moja.

Huu mchezo waliocheza kina mwanao unaitwa RPO, yaani kwotabeki anaamua hapohapo ampe mkimbiaji au arushe, na ndo umefanya sheria hii iwe gumzo miaka hii. Zamani timu ilichagua kabla, mbio au pasi, na lain ilijua. Kwenye RPO lain haijui. Wale watano wanazuia mbio mia kwa mia, wanaambiwa nendeni, na kwotabeki nyuma yao anaweza kubadilisha mawazo. Vyuo vimeipenda sana kwasababu yadi tatu ni nafasi kubwa. Ukitaka kuona nguvu yake tafuta mechi ya Auburn na Alabama ya tarehe 30 Novemba 2013. Zimebaki sekunde 32, Auburn wako nyuma kwa 7, kwotabeki wao Nick Marshall anakimbia kushoto na mpira, lain nzima inazuia mbio, mlinzi aliyekuwa na Sammie Coates anaona ni mbio anamwacha mtu wake anakuja mbele, na Marshall akiwa karibu kabisa na mstari anarusha, Coates yuko peke yake, yadi 39, tachidauni, 28 kwa 28. Watu wengi wanaikumbuka mechi ile kwa mwisho wake, Chris Davis alipodaka mkwaju wa Alabama uliopungua na kukimbia nao uwanja mzima. Ila sisi wa vitambaa mjadala wetu ulikuwa ile pasi ya sekunde 32, miguu ya lain ilikuwa wapi. Mwaka 2015 vyuo vililetewa pendekezo la kushuka mpaka yadi moja kama NFL, makocha wakalipinga, halikupita, tatu imebaki tatu. Binafsi naona tatu ni nyingi mno, lainibeka anaonewa. Mbili ya shule naiona ndo ya haki kuliko zote, ingawa najua leo hutaki kuisikia hiyo.

Kuna kitu kingine ulikigusa kidogo kwenye ujumbe wako, kwamba kijana anasema "nilikuwa nimeshikana na mtu, kocha wa zamani aliniambia ukiwa umeshikana na mtu siyo kosa". Hili lina ukweli ila siyo wote. NFL, mtu wa lain akimvaa mpinzani ndani ya ile yadi moja pale mwanzo, anaweza kuendelea kumsukuma kwenda mbele na akavuka hiyo yadi akiwa bado anamzuia, hana kosa. Wakiachana huko mbele asimame palepale mpaka pasi irushwe, asianze kutafuta mtu mwingine. Shuleni msamaha ni mdogo zaidi, lazima awe amemgusa mlinzi wa mbele papo hapo mpira ulipoanza, na huko kusukumana kusivuke zile yadi mbili. Kijana wako alimwacha yule mnene akaenda kwa mwingine, na huyo mwingine siyo wa mbele ni lainibeka, kwahiyo msamaha wowote haumfikii, wa Ijumaa wala wa Jumapili.

Na kumrudisha mguu hakusaidii. Wengine wanafikiri nikienda mbele nikarudi haraka kabla ya pasi nimejisafisha. Sheria ya vyuo imeandikwa wazi, asiwe wala asiwe amekuwa zaidi ya yadi tatu. Ukishavuka umevuka.

Jambo dogo la karibu na goli mumuulize kocha, maana mlikuwa kwenye 12 na wiki ijayo mnaweza kuwa kwenye yadi ya 1. Kwa sheria ya shule zile yadi mbili haziingii ndani ya endizoni, lile eneo la kufungia nyuma ya mstari wa goli. Mpira ukiwa kwenye yadi ya 1, mwanao hana mbili, ana moja tu, akikanyaga ndani ya endizoni kabla ya pasi inayovuka mstari kuruka, ni kosa. Nimeona timu zinapoteza tachidauni za namna hii na kocha hajui kwanini.

Adhabu yenyewe ni yadi 5 kurudi nyuma kutoka pale mpira ulipolala, na dauni, yaani lile jaribio, inarudiwa. Siyo adhabu kubwa ukiitazama peke yake, ni ndogo kuliko kumshika mtu. Inauma kwasababu inafuta. Kutoka 12 mkarudishwa 17, na pointi 6 zimeondoka. Refa akiweka mkono wake juu ya kichwa, ujue ni hilo.

Pia naomba umsaidie kijana asichanganye hili na kudaka. Usiku wa tarehe 30 Desemba 2023 kwenye NFL Detroit walicheza na Dallas, Taylor Decker wa jezi 68 akadaka pasi ya pointi mbili za nyongeza baada ya tachidauni, ambayo ingewaweka Detroit mbele, ikafutwa kwasababu refa alisema aliyejiandikisha kwake kuwa mpokeaji ni jezi 70 siyo 68, Dallas wakashinda 20 kwa 19. Pale swali lilikuwa nani ana ruhusa ya kupokea, siyo nani alienda mbele. Na ile ya kwenda kwa refa kujiandikisha ni ya NFL, shuleni jezi 64 haiwezi kugeuka mpokeaji kwa kujitangaza.

Sasa huyu kijana aliyenyamaza. Mwambie hivi, nimeiona video na kosa halikuanzia miguuni kwake. Alifanya kazi ya mbio kwa sababu aliambiwa ni mbio, hana macho kisogoni, hawezi kujua kwotabeki amechomoa mpira. Mpira kwenye mchezo ule unatakiwa utoke haraka, kwotabeki akichomoa tu arushe. Yule wenu alichukua hatua mbili za ziada, na kila hatua aliyochukua yeye nyuma, kijana wako alichukua moja mbele. Ungetoka hatua moja mapema kijana wako angekuwa karibu na 11, ndani kabisa ya ruhusa. Simlaumu kwotabeki naye, ni mtoto, anamwangalia lainibeka huku watu wazito wanamjia. Hii ni kazi ya kocha na saa yake. Makocha wazuri wanafundisha kwotabeki kwamba ukichelewa, usirushe, kimbia nao. Na gadi wanamfundisha kwenye mchezo huu akae na yule mnene muda mrefu kidogo, ambane mpaka lainibeka aje mwenyewe, asipande kumfuata. Kijana anaweza kumuuliza kocha wake swali moja tu, kwa heshima, mbele ya kwotabeki: "Kocha, kwenye huu mchezo nikae kwa mnene mpaka lini?" Ntashangaa kama kocha hatafurahi kuulizwa hivo.

Na wewe dada, Ijumaa ijayo ukirekodi usikae kule kwenye kona ya jukwaa ulikokaa. Shuka uje usawa wa mpira, uangalie moja kwa moja kando ya mstari, maana ukiwa kule konani kamera inadanganya, yadi mbili inaonekana nne. Ile ya kwanza niliyoitazama kabla sijahesabu alama, hata mimi nilidhani amekwenda nne. Ukiipata nyingine nitumie, na unitajie mpira ulilala yadi ya ngapi.